Grafu Iliyopigwa Pasi

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekuachia na zamu za kituo cha satelaiti hazikumalizi. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unakula. Baba anakusalimu, ingawa bado anawaambia majirani kwamba unafunga madishi ya televisheni. Nimechoka kumsahihisha.

Vile vipimo vya satelaiti ulivyonitumia kwa ajili ya maonyesho ya sayansi nilivichora vyote, wiki mbili nzima, kwenye kompyuta ya maktaba ambayo hujizima ikijisikia. Ulinieleza kwamba pale upepo wa jua unapogonga ukingo wa uga wa sumaku wa Dunia, chembe zenye umeme huvurugika na kupiga mawimbi juu ya mawimbi. Ndivyo grafu ilivyotoka: mstari umetulia, halafu ghafla vurugu tupu. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya shuleni.

Mwalimu wa fizikia aliitazama akasema imejikunja kama shati lililolaliwa, niipige pasi. Nikamweleza kwamba hayo makunyanzi ndiyo mada yenyewe. Akasema waamuzi wanatoa alama za unadhifu, na kwamba nina maneno mengi kwa mtu asiyesikika darasani. Nyumbani, kaka naye akachungulia, akauliza kama kuku wamepita juu ya karatasi. Humu ndani mtu hawezi hata kuwa na grafu yake kwa amani.

Basi nikatafuta wastani wa kila vipimo hamsini. Ukingo ukawa laini kama shuka. Tukashika nafasi ya kwanza, na Ijumaa ya wiki ijayo naenda fainali. Mwalimu ananiita Profesa mbele ya watu. Natamani ardhi inimeze.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Mwamuzi mmoja, mama mpole, aliniuliza kama kweli kule ukingoni ni shwari hivyo. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Nikasema ndiyo. Akaandika. Na faili la wastani nililihifadhi juu ya vipimo vyako, vikafutika. Vya awali sina tena.

Jana nilimwambia mwalimu kwamba fainali nitabandika grafu mbili, na yule mama nitamtafuta. Akasema shule itakosa kombe kwa sababu yangu, na tangu hapo hajanisemesha. Sawa. Nakuomba unitumie tena vipimo vyote mapema, na makunyanzi yake.

Wasalimie wenzako wa zamu. Usinikasirikie sana, mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha.

Mdogo wako,
Miwani