Katikati ya Sebule Pawe Wazi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimepata kazi! Ya kwanza! Ken Omanga, anaishi Nairobi, aliona picha za ile saluni niliyopamba hapa Migori, akapiga simu. Anataka nyumba ya babake kule Kosele ifanywe upya yote — rangi, dari, mapazia, viti. Iwe tayari mwisho wa mwezi, lazima. Nikauliza, ni harusi? Akacheka kidogo, akasema ni function ya familia tu.

Vifaa nilivyo navyo: tepu ya mita nane, pima maji, kitabu cha rangi, kipimo cha leza (cha mitumba, lakini kinasoma), laptop ya ndugu yangu. Yule dada wa YouTube anasema vinatosha kuanzia. Haya Nyaboke, anza basi.

Jumatano, 4 Juni

Kosele, na fundi wangu Dishon. Kuta za Mzee Omanga — Bwana wee! Upande mmoja wa sebule umeuzidi mwingine kwa sentimita kumi na moja. Nilidhani leza imeharibika, nikarudia kwa tepu. Ni kweli, nyumba imepinda.

Mzee mwenyewe ni mgonjwa, amekonda, anakaa dirishani mchana kutwa. Nilipomfungulia kitabu cha rangi alishtuka. Alisema tangu augue hakuna aliyemuuliza anataka nini, ni meza dawa, meza dawa. Akachagua kijani, kile cha mahindi machanga. Nilimpenda papo hapo.

Ijumaa, 6 Juni

Ken amekataa kijani. Nyeupe, kila mahali nyeupe. Kisha akatuma mengine: mlango wa mbele upanuliwe hadi futi tano. Katikati ya sebule pawe wazi kabisa, hata zulia hapana. Barabara isawazishwe, gari refu lifike mlangoni. Vyoo sita nje.

Vyoo sita! Nikamsomea Dishon huku nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka mwiko chini, akaniuliza kama kwetu Kisii hatujui mambo.

"Madam, hiyo si harusi. Huyu jamaa anatengeneza boma ya matanga. Hapo katikati ni pa jeneza."

Mzee alikuwa chumba cha pili, anakohoa. Yuko hai! Anakunywa uji! Nilikaa sakafuni palepale, kwenye vumbi la simenti.

Sabato, 7 Juni

Kanisani sikusikia hata neno moja. Jioni nikampigia Ken. Hakukana! Daktari alimwambia yeye kwamba Mzee hana siku nyingi, na babake hajaambiwa. Hataki watu waje wakute nyumba ya aibu. Anasema kila mtu hufanya hivyo, ni vile wengine hungoja mpaka mtu awe mochari.

Kisha akalia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikamwambia pole. Babangu tulimzika nyumba ikivuja, wageni wakihamisha viti. Aibu hiyo naijua.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, nimekalia ndoo ya rangi nyeupe. Siwezi kurudi ndani.

Mzee aliniita asubuhi. "Nyar Kisii, kaa." Binti wa Kisii, ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo. Akasema anajua. Anajua! Amezika watu wengi hapa Kosele, haambiwi mlango wa futi tano ni wa nini. Hana hasira na Ken, kujipanga mapema si vibaya. Lakini yeye angali hapa. Anataka meza. Katikati kabisa, ya mbao nzito, ya watu kumi na wawili. Wajukuu wakifunga shule mwezi wa nane wale pamoja naye.

"Siku yangu ikifika wataitoa nje. Si wana mikono?"

Nikasema aliyeniajiri ni Ken. Akaniuliza nyumba ni ya nani.

Nilitoka nje na laptop. Kazi yangu ya kwanza! Nikikosana na Ken, jina langu limekwisha kabla halijaanza. Na nikimnyima Mzee meza — nitalalaje?

Ken ametuma ujumbe mara mbili. Anataka mchoro wa mwisho kabla ya saa sita, yeye aukubali, Dishon aanze kubomoa mlango. Ni saa sita kasoro dakika kumi.

Laptop iko magotini. Kuta, mlango, dirisha. Nimechora meza, miguu yote minne.

Simu inalia. Ken.