Baba Martina, Meza Kidonge cha Maji

Baba Martina,

Umelala tena, sikutaka kukuamsha. Uji uko kwenye chupa, kidonge kwenye kisosi. Kimeze ukiamka tu, ukichelewesha hadi jioni utakesha chooni. Chumvi nimeificha.

Asubuhi viatu vilipokugomea nilicheka. Nilipobonyeza mguu wako na alama ya kidole ikabaki, kicheko kikaniishia. Kumbe umeacha dawa tangu safari ya Runzewe! Eti mkojo ulikubana, ukaomba basi lisimame ukachimbe dawa, konda akakutania kwamba mzee una mgodi wako porini. Abiria wote ulicheka nao, mimi mkeo ukanificha kwamba aibu ile ndiyo imekuachisha kidonge.

Nimempigia nesi Zakia. Anasema kidonge kinazifanya figo zitoe chumvi, na maji yanaifuata kwenye mkojo. Ukiacha, maji yanajaa miguuni, halafu mapafuni. Kesho twende ukapimwe damu, maana kinaweza kutoa na madini ambayo mwili unayahitaji.

~~Harusi ya mdogo wako kule Tinde nitakwenda peke yangu.~~

Nimefuta. Nesi akituruhusu, tunakwenda wote, na dawa utameza. Nimekwenda stendi kutafuta viti vya karibu na mlango. Konda akiuliza nani anataka kushuka, nitasema ni mimi niliyebanwa.

Mkeo, Mama Martina