Kisu Hakifunguki na Fides Hajui

Jumatatu, 3 Februari

Mvua ya alfajiri, kisha jua kali. Nimebebesha miche tisa, jicho la mchungwa kwenye shina la mlimau. Zamani tisa ilikuwa kazi ya kabla ya chai.

Masanja alipita saa moja na madumu yake ya maziwa. Hakuzima hata pikipiki. Nikampa kisu, akakifungua, akanirudishia. Ndivyo siku zangu zinavyoanza tangu plasta ya mkono itolewe. Miche ni yake, michungwa mia mbili ya shamba lake jipya, kwa hiyo anasema anajifungulia mwenyewe. Mtani mbaya huyu Msukuma. Leo kaniambia mwanamume mzima nafunguliwa kisu kama mtoto anayemenyewa ndizi.

Gumba la kulia halibani kitu. Kisu kikishafunguka, vidole vinne vinakishika na kazi inaenda. Kukifungua ndiyo balaa. Ukucha unaingia kwenye kile kimfereji cha bapa, navuta, unateleza. Nikijaribu kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukazi mpini. Kisu cha kukunja kinataka mikono miwili mizima, jambo ambalo sikuwahi kuliwaza kwa miaka thelathini.

Fides hajui.

Jumatano, 5 Februari

Niandike tu, maana hakuna wa kumwambia.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, shambani, tunalima kwa pawatila. Bonde zima hili linajua: ukishika hendeli ya kuwashia, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe. Injini ikipiga nyuma, hendeli inatoka mkononi na mkono unabaki salama. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hivyo. Siku ile nililizungusha. Nilikuwa nawaza nitakula nini jioni. Hendeli ikapiga nyuma, nikasikia mfupa.

Mke wangu hakuwepo. Yuko Mlimba tangu Oktoba anamuuguza mama yake, aliyepooza upande wa kulia. Mama hana binti mwingine. Nikimwambia Fides nimevunjika, atapanda gari kesho yake. Mama atabaki na majirani.

Kwa hiyo nimenyamaza. Deo, mwanetu, alikuja kutoka Kidatu siku ya Krismasi akaiona plasta. Nikamkataza asiseme.

Na mimi kwenda Mlimba haiwezekani. Nyumba ya mama mkwe ina vyumba viwili, naye yuko kitandani, anaoshwa, analishwa. Kwetu mkwe hamwoni mama mkwe katika hali hiyo. Hata alipokuwa mzima tulisalimiana kwa mbali, yeye kajitanda kanga, mimi naangalia chini.

Nina neno moja la kumleta nyumbani. Nalitafuna kila siku.

Ijumaa, 7 Februari

Hospitali. Dada wa mazoezi kasema mfupa umeunga vizuri, sasa ni nguvu tu, nisiwe na haraka. Kanishauri nibane vibanio vya nguo, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni.

Vibanio ni vya Fides. Viko kwenye kamba nyuma ya nyumba alivyoviacha, kumi na sita, vya bluu na vyekundu. Nimesimama pale nabana kamba tupu. Jirani akapita akanisalimia, akatazama kamba, akaendelea na safari yake.

Nimefika cha saba. Nikaacha.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nilimpigia Fides. Mtandao wa Mlimba leo ulikuwa mzuri. Mama anakula uji, hasemi. Mdomo bado umekwenda upande. Fides anambeba peke yake kumtoa nje asubuhi.

Akaniuliza nimekula nini. Nikasema wali na perege. Uongo, nilikula wali na chumvi, perege angenishinda kumpara. Akauliza nani anafua nguo zangu. Nikasema mimi. Kisha akasema haya, Baba Deo, salamu kwa Masanja.

Sauti yake ina mafua. Nimeisikia jioni yote.

Jumanne, 11 Februari

Tatizo jingine ni mazoea. Nikimaliza mche, mkono unakifunga kisu pajani wenyewe. Sijui hata nimefanya lini. Nashtuka kimefungwa na Masanja yuko mjini na maziwa yake.

Leo nikapata akili. Nikakizungushia kisu mpira wa tairi ya ndani, kikae wazi, kisikunjike tena. Kazi ikaenda vizuri mpaka mche wa nane. Nikakitia mfukoni.

Suruali imetoboka. Paja pia, si sana. Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimeutupa mpira na kujitukana.

Ijumaa, 14 Februari

Kila mtu ana ushauri. Muuza duka wa Kibaoni kasema ninunue kisu cha mpini wa mbao, kisichokunjwa. Nikanunua. Bapa nene, linapasua gome la mlimau badala ya kulifungua. Miche mitatu imeharibika. Wembe je? Wembe unapinda. Ukikaza unakatikia ndani.

Kazi hii ni ya gome. Unakata msalaba usio na kichwa kwenye mlimau, unalifungua gome kama mfuko wa shati, unaingiza jicho la mchungwa, unafunga kwa ukanda wa nailoni. Ukikosea kwa unene wa karatasi, jicho linakauka. Kisu changu kinajua hilo. Sitaki kingine.

Mzee mkaidi. Fides angesema hivyo. Ningependa aseme.

Jumatatu, 17 Februari

Sina habari. Nilipika, nikaunguza. Nikalala mchana, nikaamka nikadhani namsikia akichota maji.

Namtaka Fides. Basi.

Alhamisi, 20 Februari

Masanja hajapita. Wala jana. Mkewe kasema ng'ombe wanne wamepotelea huko chini kwenye majani marefu, amewafuata, hajui atarudi lini.

Na mimi juzi nimekata vijiti vya macho kwa miche hamsini iliyobaki. Viko kwenye gunia bichi kivulini. Havivumilii. Wiki moja hivi, kisha vinakauka na mti mama hauna vijiti vingine vya kufaa mpaka uchipue tena.

Jana jirani alinifungulia. Leo hayupo. Nilimsimamisha mwendesha bodaboda barabarani nikamnyooshea kisu. Akaongeza mwendo. Simlaumu.

Nimekigonga kwenye kizingiti. Nimekibana mlangoni. Nimeingiza ufunguo, ukapinda. Mafuta nimetia tangu wiki ile. Jioni nilikaa nakiangalia mezani kimefumba mdomo.

Jumamosi, 22 Februari

Meno.

Niliushika mpini kwa mkono wa kushoto, nikauma bapa, nikavuta. Kikafunguka vizuri kabisa. Nikafurahi, nikalegeza, kikarudi. Mdomo wa chini umechanika. Damu ikamwagika mpaka kwenye miche.

Nilikaa chini kwenye matope. Sikulia kwa maumivu, niseme ukweli, maumivu yalikuwa ya kawaida. Nililia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia mjinga wewe, hebu nione.

Nimeshindwa. Mama ana majirani. Mimi sina mtu. Kesho nampigia Fides, namwambia njoo.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda misa, mdomo umevimba. Nilipiga saa nne. Neno nilikuwa nalo tayari ulimini.

Hakuniachia nafasi. Alikuwa analia na kucheka. Mama amesema. Jana jioni, baada ya miezi minne. Si maneno mengi, na si safi, lakini amesema.

Nikamezea. Nikasema tumshukuru Mungu. Sauti yangu ilitoka vibaya kwa sababu ya mdomo. Akauliza nina nini. Nikasema mafua.

Hapo ndipo alipobadilika sauti, akasema polepole:

"Baba Deo, naijua habari ya mkono. Deo aliniambia siku ile ile ya Krismasi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nilisikia kuku wa Mlimba ndani ya simu.

Akasema kila Jumapili alikuwa anangoja. Kwamba nikisema tu, angekuja. Nisiposema, alijua namtaka akae na mama. Akasema amekaa kwa shida.

Kisha akanipa la mwisho. Neno alilolisema mama jana lilikuwa mkwe. Akadhani amesikia vibaya, akamuuliza tena. Mama akasema tena, "Mkwe aje."

Salio langu likaisha hapo hapo. Hakupiga. Najua hana salio kamwe.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekasirika siku nzima. Miezi miwili anajua. Miezi miwili anasikiliza perege wangu wa uongo na hasemi kitu. Nilipokuwa nabana vibanio vyake alikuwa anajua.

Halafu hasira ikakosa pa kushika. Nani alinyamaza kwanza.

Masanja karudi, ng'ombe watatu, mmoja kaliwa na mamba. Amechoka, macho mekundu, lakini alianza kwangu kabla ya kwenda kulala. Akaona mdomo. Safari hii hakunitania. Aliniambia niende nikambembeleze mke wangu, miche ataimwagilia yeye. Nikamwambia habari ya mama mkwe na aibu. Akasema kwao pia ipo, mkwe anaogopwa, lakini mwenye aibu akishakuita, ukikataa ndiyo utovu wa adabu.

Sikuwa nimelifikiria hivyo.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemaliza. Vijiti vingine vilikuwa vimeanza kusinyaa, sidhani vyote vitashika. Miche ya kwanza kabisa nimeifungua nailoni leo. Macho ya kijani, mengi yao. Yale ya siku ya mpira wa tairi yamekufa yote.

Nimemwonyesha Masanja jinsi ya kufungua nailoni iliyobaki, kila safu na siku yake. Ana mikono mikubwa lakini anagusa taratibu, kama anayekamua.

Nimenunua kanga moja, pea nzima, na jogoo. Huwezi kwenda ukweni mikono mitupu, hata kama mmoja haufanyi kazi.

Jumapili, 2 Machi

Mlimba. Nilifika jana, mvua inanyesha.

Fides alikuwa uani na ndoo. Amekonda. Nilisema shikamoo kwa nyumba kabla sijamsalimia yeye, kwa sababu nilijua nikimwangalia kwanza nitashindwa kusema. Akapokea jogoo. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaligeuza gumba huku na huku. Kisha akatazama mdomo.

"Mjinga wewe," akasema.

Mama alikuwa ametolewa barazani, ameegemezwa mito. Nilipiga magoti mbali, karibu na ngazi, naangalia chini kama siku zote. Akapiga mkeka kwa mkono wa kushoto. Nikasogea. Akapiga tena. Nikasogea mpaka nikawa karibu kuliko nilivyowahi kuwa kwa miaka ishirini na saba. Mkono wake wa kulia umelala mapajani, hauna habari. Akautazama, akautazama wangu. Upande mmoja wa uso wake ukacheka.

Nimeona haya mpaka masikio yamewaka. Lakini sikuondoka.

Nalala kwa jirani, ng'ambo ya ua. Aibu imepungua, haijaisha. Nyumba ya mama ni ya mama.

Jumatano, 5 Machi

Tumepakwa majivu, mama nyumbani, padri alikuja. Padri kasema mama ajaribu kusimama. Kunahitajika fimbo.

Nimekata mti mzuri nyuma ya mashamba ya mpunga, mnyoofu, wa kimo chake. Ni kazi ya siku moja. Kuondoa gome, kulainisha, kukata kichwa kiingie kiganjani.

Fides yuko humu mchana kutwa, hatua kumi kutoka nilipo, na sina naye hata dakika. Uji, kuosha, kugeuza, kufua, tena uji. Nilidhani nikifika hamu itaisha. Haijaisha, imesogea karibu tu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imekatika. Nimekaa kwenye kigogo uani kwa jirani, upande unaotazamana na jiko la mama.

Fimbo bado. Fides anakuja asubuhi, ananifungulia kisu, anarudi kwa mama. Nachonga kidogo. Nakifunga. Naita. Anakuja tena akifuta mikono kwenye kanga, ananifungulia, anasimama kidogo kuona fimbo imefikia wapi, anaondoka. Leo amekuja mara tano.

Kwa mara tatu za mwanzo ningeweza kusingizia mazoea ya kukifungia pajani. Mara ya nne nilikifunga kwa makusudi, na mara ya tano alikuwa ananiangalia kutoka jikoni nikikifunga. Alikuja, akakaa kwenye kigogo, akakifungua, akakiweka mkononi mwangu, na hakuinuka mpaka mama alipoita.