Pumzi za Kamanda

Kaka yangu,

Huku bomba la jikoni limeshatengenezwa, mama amebadilisha mapazia, nami nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii kwenda kumwangalia mbwa wako, Kamanda.

Usihamaki. Alianza kukohoa na kuishiwa pumzi ngazini, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Moyo umetanuka. Daktari akauliza anakula nini, nikamtajia kile chakula cha mfuko ulichotuagizia, kisicho na nafaka, dengu na njegere tupu. Akasema vyakula vya aina hiyo vinashukiwa, ingawa hakuna mwenye uhakika. Tumekiacha. Sasa anakula kingine, na vidonge juu. Usijilaumu, mimi ndiye niliyekuwa nikimgombeza baba kila akimdondoshea wali chini ya meza.

Baba ndiye aliyembeba siku ile. Daktari alipomaliza kumpima Kamanda, hakutoa kifaa masikioni. Alimtazama baba anavyohema, akamuuliza, "Na wewe mzee, umepimwa lini?"

"Kwani mimi mbwa?" baba akajibu, akacheka peke yake. Tangu hapo hataki kusikia habari za hospitali, na amenikataza nisikwambie. Basi sijakwambia.

Jana baba na Kamanda walitoka kutembea. Waliporudi, Kamanda alipanda mpaka kwetu ghorofa ya tatu bila kusimama, halafu akageuka, akashuka tena. Nilipomfuata nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, anamsubiri baba apate pumzi.

Baba huwa anakusikiliza wewe. Njoo.

Mdogo wako