Mbwa Aliyekataa Kimya cha Nuu

Mwaitu, mama yangu,

Barua ulizonifundisha kuandika nikiwa msichana zilianza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuuliza, na yangu utaiona kadiri unavyosoma. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo najua ungeniuliza kabla hata sijaketi: Tairi yuko wapi?

Tairi yuko hai. Nimeanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia.

Hoteli yako ya Mtito Andei, uliyowaachia wapishi wako, ilifungwa wiki tuliyokuzika. Mwenye ploti alikuja matangani hapa Nuu, akala, akalia kidogo, na haukupita muda akanipigia simu. Anataka kujenga vyumba vya wageni pale nyuma, penye lile banda la mbwa wa barabarani uliloliita Lojing. "Mwalimu, mimi si mtu mbaya," aliniambia, "lakini mwezi ikiisha na hizo mbwa bado ziko hapo, nitaita mtu wa dawa." Sikuhitaji kuuliza ni dawa ya aina gani.

Mbwa watano walipata kwao upesi. Yule wa sikio moja alichukuliwa na fundi wa pancha, na sasa amenenepa kumshinda fundi. Aliyebaki ni Tairi. Unamjua kuliko mimi, wewe ndiye uliyemtoa chini ya trela lililovunjika gia na kukaa uani kwako miezi na miezi, mama yake akazalia hapo kati ya magurudumu. Sikuzote alikuwa mwoga wa mikono ya watu, lakini alikula na kulala vizuri. Hoteli ilipofungwa akaharibika. Akawa anazunguka bandani kutwa, anajitafuna mkia mpaka nyama ikaonekana, anaubwekea ukuta. Watu waliokuja kutafuta mbwa walimtazama mara moja wakaenda zao.

Sote tulidhani anakulilia wewe. Niliamini hivyo na, nikuambie ukweli, nilimpenda kwa sababu hiyo. Angalau tulikuwa wawili.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alimtazama kupitia wavu, akasema, "Hii mbwa iko na stress. Ipeleke mahali kimya." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kwani kuna mahali kimya kuliko Nuu? Nikaamua nitamchukua mwenyewe, aishi nami hapa nyumbani kwangu karibu na shule.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya kila mbwa alipohama Lojing. "Mbwa haonyeshwi njia," ulisema, "akiiona atarudi." Sisi wote tunajua hivyo. Sijawahi kuona mbwa wa Ukambani akiingia boma jipya bila kupitia guniani, hata Popi wa utotoni mwangu alifika hivyo. Nikamtia Tairi guniani, nikaacha kichwa tu, nikakifunika kwa leso yako ya buluu. Mutua mfanyabiashara wa ndengu akatubeba kwenye pikapu yake, Kibwezi, Mutomo, Kitui, Mwingi, hadi hapa. Njia nzima gunia lilitetemeka juu ya miguu yangu.

Nilipolifungua hapa uani, Tairi alisimama, akainua masikio, akageuka huku na huku. Kisha akaanza kuzunguka tangi la maji. Hakusimama. Siku nne hakula, hata muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa niliompikia kwa supu ya mifupa namna yako. Alilizunguka lile tangi mpaka akachimba njia kwa miguu yake, na akichoka anaanguka, analala robo saa, anaamka na kuzunguka tena. Mkia ukaanza kunuka.

Jirani yetu Mama Kasyoka alivumilia siku sita. Ya saba alikuja mpaka langoni, mtoto mgongoni. "Mwalimu, sisi tulikupenda na tulipenda mama yako. Lakini hii kitu iko na kichaa. Ikikaribia watoto wangu, panga iko." Nilimweleza kwamba ulimchanja, kwamba cheti ninacho. Akaniambia cheti hakiumwi na mbwa, mtoto ndiye huumwa. Nikamwomba wiki moja, naye akanipa shingo upande.

Sasa unajua nilivyo. Wewe ndiye uliyesema mdomo wangu una maswali kuliko meno. Nafundisha sayansi, nawaambia watoto watazame kwanza ndipo waseme, halafu mimi mwenyewe nilikuwa nimesema bila kutazama. Nikaketi kwenye kiti chako pale mlangoni, kila nikitoka shule, nikamtazama mbwa.

Niliona jambo moja. Ikifika saa kumi na mbili jioni, Tairi huacha kuzunguka. Anaenda langoni, anasimama, masikio mbele. Anangoja. Baada ya muda anakata tamaa na kurudi kwenye tangi. Kesho yake saa ile ile, na keshokutwa. Ni nini kinachotokea Mtito saa kumi na mbili? Nilifikiri ndiyo saa uliyokuwa ukiwalisha. Ila uliwalisha asubuhi, nakumbuka, kwa sababu ulinikemea nikichelewa kuosha sufuria yao.

Basi siku moja nikatoa simu. Sijaweza kufuta sauti zako, Mwaitu. Zimo zote, hata ile uliyorekodi kwa bahati mbaya ukiwa unakohoa. Nikachagua moja uliyonitumia mwaka juzi ukiwa hotelini, unaniagiza dawa ya minyoo. Nikaipiga kwa sauti ya juu kabisa.

Tairi alisimama. Akaja. Yule mwoga wa mikono ya watu akaja mpaka kwenye goti langu, akajikunja, akalala na kidevu juu ya kiatu changu. Nililia mpaka nikaishiwa pumzi. Nikasema, kumbe kweli, ni wewe anayekutaka.

Lakini ilipokwisha aliondoka, nami nikataka kuwa na hakika. Nikapiga sauti nyingine. Hii ulinitumia ukiwa hapa hapa Nuu, mimi nikiwa darasani, miezi ile mitatu ya mwisho. Sauti ni yako, safi, hata inasikika vizuri kuliko ile ya kwanza. Tairi alitega sikio kidogo, akaendelea kuzunguka tangi.

Nikarudia ile ya hotelini. Akaja, akalala. Nikarudia ya Nuu. Akaondoka. Mara tano nilifanya hivyo, nikaweka simu chini na kujiuliza kuna nini ndani ya moja kisichomo ndani ya nyingine.

Malori, Mwaitu. Nyuma ya sauti yako, katika ile ya kwanza, kuna malori mawili au matatu yamesimama uani injini zikinguruma, madereva wanakula muthokoi wako na tanboi, wasaidizi wao, wanaitana. Saa kumi na mbili ndiyo saa waliyokuwa wakiegesha. Walisimama pale kwa sababu ya hoteli yako, na ilipofungwa wakahamia ng'ambo ya mji. Uwanja ulinyamaza. Mbwa aliyezaliwa chini ya trela alinyang'anywa sauti ya kwao, na sisi tukamtibu kwa kumwongezea kimya.

Nilikasirika kidogo kwa niaba yako, sikufichi. Nilimwambia, wewe mbwa, mama amekulisha miaka mitatu nawe unalilia dizeli? Halafu nikaisikiliza tena ile sauti ya Nuu. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi tangu ufe, lakini kwa ajili ya kukusikia wewe tu. Maneno yenyewe sikuyajali. Yako hivi: "Mumbua, chumvi imeisha. Na hapa kwako hata kuku hawabishani. Nirudishe Mtito hata siku moja tu, nisikie watu."

Nakumbuka nilivyokujibu. Nilikuandikia: Chumvi nitaleta, Mama.

Presha yako ilipopanda, hospitalini waliniambia upumzike mahali patulivu. Ulikuwa umechomwa sindano ya usingizi. Ulilala kuanzia Kibwezi mpaka Mwingi, leso ile ya buluu usoni kukukinga jua, na ulipofungua macho ulikuwa uani kwangu. Hukuonyeshwa njia. Nilikukataza simu za madereva, nikakukataza jiko, nikawaambia majirani wasije kukuchosha. Ukaacha kula. Jioni ulikuwa ukisogeza kiti langoni, nami nikakirudisha ndani kwa sababu ya upepo. Nilidhani ni ugonjwa unaokufanya hivyo. Labda ulikuwa ugonjwa, labda ungekufa tu hata Mtito, sijui, wala hakuna wa kunijibu. Lakini uliniomba siku moja na sikukupa, na hilo najua. Nisamehe.

Ilibaki siku mbili Mama Kasyoka achukue panga. Kumrudisha Mtito haikuwezekana, Lojing ilishabomolewa. Wenye hoteli wengine niliowapigia walisema mbwa wanao wa kutosha. Nikaanza kuulizia kelele. Fikiria, mwalimu mzima anauliza wenzake katika chumba cha walimu, "Nani anajua mahali pa kelele nyingi?" Mashine ya kusaga ya hapa Nuu ni ya stima, inalia kama mbu. Ndipo mwenzangu mmoja wa kutoka Mutomo akacheka, akasema mjomba wake, Mzee Kilonzo, bado anasaga unga kwa injini kuukuu ya dizeli, na kwamba barabara ya Kibwezi tangu iwekwe lami malori yanapita mlangoni pake mchana na usiku.

Safari hii sikuchukua gunia. Mutua alishangaa. "Mwalimu, utaionyesha njia? Hii itarudi, na itarudi na wazimu yake." Nikamwambia akitaka kurudi, ni haki yake kujua njia. Tairi alisimama nyuma ya pikapu nimemshika kamba, pua ikiwa kwenye upepo, akaitazama njia yote, na hakutetemeka mpaka tulipozima injini Mutomo.

Hapo nilikaribia kukata tamaa. Hakukuwa na mteja, mashine ilikuwa imelala. Tairi akaanza kuzunguka. Mzee Kilonzo alitoka akiwa mweupe kwa unga mpaka kope, na kumbe miaka ya injini imemla masikio, anazungumza kwa kupaza sauti kama anayeita ng'ombe mtoni. "HII NDIYO MBWA? MBONA INAZUNGUKA? HII IKO NA KICHAA, RUDI NAYO!" Nikajaribu kumweleza habari za trela. Hakusikia hata neno. Mutua tayari alikuwa ameshika mlango wa gari.

Akaja mama mmoja na ndoo ya mahindi. Mzee Kilonzo akatuacha, akaingia ndani, akazungusha henda ya kuwashia mara moja, mara ya pili, ya tatu, na ile injini ikakohoa ikawaka. Ukuta ukatikisika. Mimi niliziba masikio.

Tairi alisimama. Akavuta kamba, nikaiachilia. Aliingia ndani, akaupita mkanda wa mashine kwa mbali kama mtu mwenye akili zake, akaenda mpaka pembe ile bomba la moshi linapotokea ukutani. Akanusa. Akajikunja. Kisha, na hili sijawahi kuliona tangu nimjue, akanyoosha miguu yote minne, akalala ubavu. Ndoo ya kwanza ikaisha, mama mwingine akaja na ya pili. Unga ukamshukia mpaka akawa mweupe, naye halalamiki. Wale kina mama waliniona nikilia wakadhani ni vumbi, mmoja akanipa upindo wa leso yake.

Mzee Kilonzo alikuja akamwinamia. "INABWEKA?" Nikampigia kelele sikioni kwamba siku hizi habweki sana. "SAWA TU. HATA IKIBWEKA SITASIKIA." Ndivyo alivyopokelewa, Mwaitu. Nimekwenda kumwona mara mbili tangu hapo. Mkia umepona, umeota manyoya. Jioni anafuatana na mzee hadi nyumbani, na akinisikia huja kunisalimu, ananusa kiatu, anarudi pembeni kwake. Hajajaribu kurudi Nuu, ingawa njia anaijua.

Sasa niage, kwa sababu daftari za watoto zinaningoja. Naaga na ahadi moja, na safari hii si chumvi.

Shule zikifungwa tutaweka msalaba wa saruji kwenye kaburi lako. Mchanga na saruji vitaletwa na Musyoki, yule dereva wako aliyekuwa akidai ukoko wa sufuria kabla wengine hawajafika. Atakuja na tanboi wake wawili, nao ni watu wa kubishana. Nimempangia afike jioni, saa kumi na mbili. Nitawapikia muthokoi, na kiti chako nitakiweka langoni nisikirudishe ndani. Lori litasimama pale nje ya ua, hatua chache kutoka ulipolala, mpaka watu washibe.

Mama Kasyoka atalalamika. Musyoki naye alianza kuniambia habari za bei ya dizeli. Nimemwambia asizime injini.

Mwanao,
Mumbua