Gari la Watu Watano

Tarehe 3 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Hali yako? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Wajukuu zako wanakula kama wamekodiwa, na mama yao yupo, anakusalimu.

Mzee, nimepata gari kwa yule muuza magari wa mtaani kwako. Ni la dizeli, si kubwa si dogo, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Amekubali lijaribiwe kabla sijalipa. Wewe umefundisha watu udereva mpaka umestaafu, sina wa kumwamini zaidi. Liendeshe kama tutakavyoliendesha sisi: shule, kazini, sokoni, kliniki.

Unajua tumehamia nyumba yenye chumba cha ziada. Basi tutakuwa watu watano: sisi wawili, watoto wawili, na mzee. Mzee atakaa nyuma na watoto. Kagua sana kiti hicho, maana mzee ana magoti mabovu na sitaki ateseke.

Mwanao

Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Kifua kimepoa. Barua yako ilikimaliza kikohozi kuliko dawa ya hospitali.

Eti "na mzee"! Tangu utoto wako jambo zito hulisemi usoni, unalipitisha uchochoroni. Ungeandika tu, "Baba, njoo ukae na sisi," ungepungukiwa nini? Lakini nimekuelewa, na nimefurahi mpaka nimejiona mjinga.

Sasa gari. Asubuhi linawaka kwa mkupuo mmoja. Linanguruma kidogo kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha linatulia. Klachi laini, hata wewe uliyenizimia gari la kufundishia kila mlima utaliweza. Breki zinashika. Mafuta linayanywa kwa adabu. Buti linameza mabegi ya watoto na gunia la mchele juu yake. Ubaya wake ni mmoja: chujio la moshi linaziba ukilipeleka shule na sokoni tu. Dizeli inataka barabara ndefu ijisafishe. Usijali, kila Jumamosi nitalitoa mimi, niende nalo mbali na watoto wakipenda.

Kiti cha nyuma nimekijaribu mwenyewe. Mwalimu mwenzangu wa zamani aliendesha, mimi nikakaa nyuma njia nzima. Magoti hayakusema neno. Nilishuka kama kijana anayekwenda kuposa. Mwambie mkeo asiogope, hapati mgonjwa wa kunyanyua.

Chumba changu hiki nimeshamwambia mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine. Kitanda nimempa jirani.

Baba yako

Tarehe 20 Machi

Mzee,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tuko salama.

Asante kwa kulikagua gari. Tumeridhika, nimeshalilipia.

Ila naona hatukuelewana. Mzee niliyemsema ni mama mkwe. Hapa nyumbani sote tunamwita mzee, kalamu ikaenda hivyo hivyo. Chumba ni chake, mke wangu ameshanunua mapazia. Sikujua kama ungejihesabu.

Nilimwonyesha mke wangu barua yako. Anasema, na mimi naona ana hoja, kwamba mtu anayekaa kiti cha nyuma njia nzima na kushuka kama kijana hahitaji kulelewa. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Mama yake hawezi hata kupanda ngazi. Kwa hiyo ongea na mwenye nyumba, si mtu mbaya yule, atakurudishia.

Gari likae kwako mpaka nimpate dereva wa kulileta. Usilete wewe. Ukisimama getini na mabegi, utatuweka mahali pagumu mbele ya mzee.

Mwanao

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Mwenye nyumba nimeongea naye. Ana mpangaji tayari, mke na mume na mtoto mchanga, wameshatandika. Siwezi kumtoa mtoto mchanga kwa sababu mimi sijui kusoma.

Sasa nikueleze ukweli wa kiti kile. Ni kibaya. Miguu haina pa kwenda, magoti yanagota kiti cha mbele. Niliposhuka nilishika mlango nikashindwa kunyooka, mwenzangu akanivuta kwa mikono miwili. Niliandika vile ili usione unabeba mzigo. Mama mkwe wako ataumia, mweke mbele.

Sitaki chumba chake. Naomba sebule, godoro nitakuja nalo. Watoto wakiamka nitakuwa nimeshalikunja. Ni mpaka nipate chumba kingine, basi. Nimekulea peke yangu tangu mama yako alipofariki na sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba. Nijibu upesi, mwanangu, na huyo dereva usimharakishe.

Baba yako

Tarehe 2 Juni

Mzee,

Shikamoo. Naamini u mzima wa afya. Barua hii naituma kupitia shule ya udereva ulikofundisha, maana sijui unakaa wapi siku hizi. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinielemea.

Gari lilifika, ila ufunguo wa akiba hatujauona. Tafadhali tuambie uliuweka wapi.

Dereva niliyemtuma alisema alikukuta umelala kiti cha nyuma, umejifunika koti, na nguo zako zimejaa kwenye buti. Alisema uliomba ulale usiku mmoja zaidi, na yeye alikuwa na haraka. Mzee, ungetufikiria. Mke wangu alisugua vile viti kutwa nzima na harufu ya dawa ya kifua bado ipo. Watoto wanauliza ni harufu ya nani.

Ile tathmini yako nayo ilituponza. Mama mkwe alikaa nyuma kama ulivyosema mwanzo, akashuka analia magoti. Tulipomhamishia mbele alikuwa ameshakasirika. Hakumaliza hata mwezi, amerudi kwa mwanawe mkubwa.

Kwa hiyo tumebaki wanne. Pale nyuma katikati tunaweka mifuko ya sokoni, na chumba chake tumekifanya cha kupigia pasi. Mke wangu anasema nguo zilikuwa zinajaza sebule, sasa anapumua.

Watoto wanakusalimu.

Mwanao