Fundo la Unga wa Ndizi

Mama, shikamoo. Natumaini ukungu wa Dindira unawaachia jua kidogo. Joto la huku Dar halina adabu.

Tundu la moyo wa mjukuu wako Sauda limezibwa, na moyo unapiga vizuri. Leo alipofumbua macho nikamwomba nesi maji ya moto nikoroge uji wa ule unga wa ndizi ulionifungia fundo kitambaani, maana kwetu mgonjwa huanza na uji wa mkono wa bibi yake. Nesi akakataa. Nikamfokea, Mama, mbele za watu.

Daktari akanikalisha. Wakati wa upasuaji walimpitishia mdomoni mpira wa ultrasaundi, ukashuka njia ya chakula ili wauone moyo kwa nyuma. Mwili wake ni mdogo. Mpira ukabana njia ya hewa, pumzi ikaanza kukatika. Wakauchomoa upesi, wakamalizia na kipimo kingine walichokiweka juu ya moyo wenyewe. Lakini koo limechubuka.

"Akimeza sasa, uji unaweza kupotea njia ukaingia mapafuni," akasema. "Tumpe muda."

Basi nikamsogezea Sauda kifurushi chako puani. Akanusa kupitia kitambaa, akafumba macho. Sauti imemkauka, lakini nilisikia: "Bibi."

Nesi nimemwomba radhi. Fundo sijaligusa. Ulilifunga wewe, na utalifungua wewe, Sauda akiwa amekaa jikoni kwako. Tuombee tufike.

Mwanao, Zaina